Kiti cha Nyuma cha Skuta ya Baba

Gia za skuta ya Baba zilikuwa mkononi, si mguuni. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kila nikieleza kazini kwamba nimekulia juu ya skuta, vijana wenzangu hunitazama kana kwamba nimesema nimekulia juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Hawajui taabu yake. Mkono wa kushoto unabana klachi, kisha mkono huohuo, ukiwa bado umebana, unazungusha mpini mzima: juu ni gia ya kwanza, chini kidogo ni fri, pasipo gia, chini zaidi ni ya pili, ya tatu, ya nne. Namba zimeandikwa kwenye mpini. Katika skuta ya Baba namba hizo zilikuwa uongo mtupu. Waya zilikwisha kulegea, hata ukiona tatu uko mbili, na ukiona fri huenda uko kwanza, ukiachia klachi inaruka nawe kama mbuzi aliyeona chui.

"Usitazame namba," Baba aliniambia siku aliyonifundisha, katika kiwanja cha Makadara, Mombasa, Jumapili asubuhi. "Mkono wenyewe utakwambia."

Mkono wangu haukuniambia kitu. Uliniuma tu, na Jumatatu sikuweza kushika kalamu darasani. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilitaka sheria iliyoandikwa mahali. Baba hakuwa na sheria. Alikuwa na mazoea. Siku za mvua, kabla ya kupiga kiki, aliilaza skuta ubavu kama mgonjwa, akahesabu mpaka kumi, akaiinua. Nilimuuliza kwa nini kumi. Akasema babu mmoja fundi alimwambia hivyo. Nilimuuliza itakuwaje akihesabu tisa. Akaniambia nishuke nirudi nyumbani kwa miguu.

Nayakumbuka hayo kwa hamu, na hamu yenyewe inanikera, maana chombo kile kiliniunguza mguu, kikanitia oili suruali zote, na kilinuka moshi wa petroli iliyochanganywa na oili hata nguo zikitoka kufuliwa. Lakini nikiifikiria Mombasa, kwanza namwona Mama kwenye kiti cha nyuma. Alikaa upande, miguu pamoja, mkono wa kulia begani mwa Baba, sufuria au kikapu mapajani, na buibui amelikunja vizuri lisiingie kwenye gurudumu. Alikaa vile miaka ishirini na kitu. Mama hakuwahi kwenda popote mbali kwa namna nyingine. Ukimwuliza mahali fulani ni mbali kiasi gani, alijibu kwa gia: "Pale? Ni mpaka ya nne na kurudi."

Tulipoondoka Kenya, kama walivyoondoka Wahindi wengi miaka ile, kreti yetu ya mizigo ilikuwa na nafasi ya kitu kikubwa kimoja tu: skuta, au kabati la vyombo ambalo Mama alipewa siku ya harusi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, kwa hiyo nilichukua karatasi nikaigawa katikati, faida huku na hasara huku. Nilijaza kurasa tatu. Kabati lilishinda. Mama alizitazama karatasi zangu, akasema, "Mwanangu, na hilo kabati litanipeleka wapi?"

Basi skuta ikaja London, na vyombo vya Mama vikabaki kwa jirani.

Tulipanga vyumba viwili na jiko, ghorofa ya juu, katika nyumba za mstari mmoja kule Walthamstow, karibu na soko. Mama mdogo, ndugu pekee wa Mama, alikuwa ametutangulia. Yeye alikaa Croydon, ng'ambo ya mto, upande wa pili kabisa wa mji. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kutoka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, kila Jumapili, Baba alimpakia Mama wakavuka London nzima, biriani ikafika imepoa, ikapashwa moto, dada wawili wakaongea Kikachi, lugha ya wazee wao, na Kiswahili mpaka saa kumi. Mwezi wa kwanza polisi aliwasimamisha. Akawaeleza kwa upole kwamba katika nchi hii abiria wa skuta haruhusiwi kukaa upande. Lazima apanue miguu. Mama alirudi nyumbani, akalikunja buibui lake, akaliweka sandukuni. Nikadhani mambo yamekwisha. Jumapili iliyofuata alitoka chumbani amevaa suruali ya Baba chini ya gauni, ameikunja mara mbili miguuni, uso umekauka kama wa hakimu.

"Nani anacheka?" akauliza.

Hakuna aliyecheka. Baba alikohoa tu, akakohoa muda mrefu.

Nasimulia hayo ili ieleweke Mama alikuwa tayari kulipa nini kwa ajili ya kile kiti.

Tatizo lilikuwa leseni. Leseni ya Baba ya Kenya ilikubaliwa mwaka wa kwanza tu. Nililisoma hilo juma la kwanza, nikamwambia, nikamkumbusha kila mwezi. Kila mwezi alijibu, "Mwaka ni mrefu." Mwaka ukaisha Septemba. Kuanzia hapo, kwa sheria, Baba alikuwa mwanafunzi: kibao cheupe chenye herufi nyekundu mbele, kingine nyuma, na marufuku kupakia abiria asiye na leseni. Mtu aliyeendesha skuta tangu kabla sijazaliwa. Alivifunga vile vibao kwa waya kana kwamba anajifunga pingu.

Tulijaribu treni. Katika stesheni kubwa ya kubadilishia, Baba alishuka kwanza ili awahi nafasi upande wa pili, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya kwetu. Milango ikafunga, Mama akabaki ndani na sufuria yake. Alikwenda mpaka mwisho wa reli. Akakaa kwenye benchi saa mbili, hajui Kiingereza cha kuuliza, biriani mapajani, mpaka tulipompata. Tangu siku hiyo alikataa treni. Nikamwambia basi mabasi, mabasi ya London hayana hata mlango, nyuma pako wazi.

"Hayana mlango?" akasema. "Basi hayo ndiyo mabaya zaidi."

Jumapili zikawa nzito. Mama aliamka, akapika, akavaa koti, akakaa jikoni nalo. Saa sita alilivua. Barua za dada yake zilikuja kila juma, zote zinauliza jambo moja. Kufika Novemba hakutaka hata kuteremka sokoni, hatua mia mbili. Alinituma mimi nikaleta vitunguu vibaya. Sauti yake ilianza kuwa ndogo. Nilikuwa nikilala nikisikiliza kama anakohoa, kisha nikisikiliza kwa nini hakohoi. Jambo lote lilikuwa mikononi mwa Baba: apite mtihani, Mama atoke ndani. Sikuona kingine cha kufanya.

Siku ya mtihani niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza. Mtihani wa pikipiki wakati ule ulikuwa hivi: mtahini anasimama kando ya barabara na ubao wake wa karatasi, anamwambia mtu azunguke mtaa mara kadhaa, naye anamwangalia akipita. Mahali fulani, bila kutangaza, atashuka barabarani ghafla na kuinua mkono. Hapo mwendeshaji afunge breki na kusimama palepale, kana kwamba mtoto ameruka mbele yake. Yote hayo mtahini alimweleza Baba kabla ya kuanza. Baba aliitikia, "Yes, sir," mara nne, na kila nikimsikia akisema hivyo najua hasikilizi.

Alizunguka vizuri. Alipiga honi kila kona, jambo ambalo nilimwambia asilifanye, maana huku honi ni tusi. Lakini alikaa wima na gia zake zilibadilika laini kama siagi. Mzunguko wa tatu mtahini akashuka barabarani, akainua mkono.

Baba alipunguza mwendo pole pole. Akateleza mpaka ukingoni, kwa adabu kubwa. Akasimama kando kabisa ya mtahini, akasogea mbele kidogo, akakipangusa kiti cha nyuma kwa kiganja, akasema, "Please. Sit, sir. Where you are going?"

Mtahini aliangalia kile kiti. Nadhani kwa nukta moja alifikiria kupanda.

Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara, na niliinama nikafunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Kwetu, mtu akikuinulia mkono nawe una skuta na kiti kitupu, anaomba lifti. Ukimpita, kesho mji mzima utasema una majivuno. Baba alimpakia mwalimu wangu mkuu, alimpakia mwuza samaki na samaki wake, alimpakia bwana mmoja ambaye walikuwa na kesi naye mahakamani, wakaenda wote wawili kwenye kesi hiyo. Mkono wake ulikuwa umezoea kitu kimoja tu.

"Baba!" nikamwambia tulipokuwa tukirudi, yeye anaisukuma skuta, mimi natembea kando. "Si alikwambia? Si alikwambia kwa maneno kwamba atainua mkono?"

"Alisema."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mtu mzima amesimama kwenye baridi, mvua inamnyeshea, ananipungia. Nimpite?"

"Hukutakiwa kumpita! Ulitakiwa kusimama!"

"Si nilisimama."

Sikulala. Niliandika tena karatasi zangu. Nikaona kwamba tatizo ni moja, mazoea, na dawa ya mazoea ni mazoea mengine. Kwa hiyo Desemba yote na Januari yote nilimfundisha Baba, katika kichochoro cha nyuma ya nyumba, jambo moja tu: mkono ukiinuka, breki. Usifikiri. Usiangalie uso. Usisogee ukingoni. Breki, mguu na mkono pamoja. Mtahini alikuwa Mama. Alishuka na koti juu ya aproni, mwiko mkononi, akajificha nyuma ya mapipa ya taka, akaruka nje wakati usiotarajiwa na mwiko juu. Alilipenda jambo hilo kuliko nilivyotegemea. Ndio wakati pekee katika miezi ile aliotoka nje bila kusukumwa. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza, alikuwa akija kwenye lango lake na kikombe cha chai kutazama, na siku moja akampigia Mama makofi.

"Umechelewa," Mama alimwambia Baba kila mara. "Nimekufa tayari."

"Wewe mtu unatokea kwenye mapipa kama paka."

"Paka mwenyewe amekufa. Rudi nyuma, tena."

Kufika Februari Baba alikuwa mashine. Nikiinua mkono kujikuna kichwa, alifunga breki. Niliridhika. Kwa mara ya kwanza tangu tuje nchi hii niliridhika na kitu, na hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi.

Mtihani wa pili ulikuwa siku ya soko. Mtahini mwingine, bwana mnene mwenye mwavuli. Baba alizunguka bila honi hata moja. Mzunguko wa pili, hatua kama ishirini kabla ya kumfikia mtahini, mama mmoja aliyebeba kabichi alimwona rafiki yake ng'ambo ya barabara, akainua mkono kumsalimu.

Baba alifunga breki. Mguu na mkono pamoja, kama nilivyomfundisha. Skuta ikasimama kama imegonga ukuta. Nyuma yake gari la mikate nalo likafunga breki, na tukasikia trei za mikate zikimwagika ndani, moja baada ya nyingine, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani trei zinaweza kumwagika. Yule mama wa kabichi alibaki na mkono juu, anaogopa kuushusha. Dereva wa mikate alitoa kichwa dirishani na kusema maneno ambayo chuo kikuu hakikunifundisha. Mtahini alifunga mwavuli, akaandika.

Baba alikuja nilipokuwa nimesimama, akazima injini.

"Ulinifundisha mkono," akasema. "Hukunifundisha mkono wa nani."

Hakurudia tena kulizungumza. Nilipomletea fomu ya tatu aliiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Mama alipika Jumapili ile bila kuvaa koti kabisa. Hilo ndilo lililonitisha: hapo nyuma alilivaa akalivua, sasa hakujisumbua.

Nilimfuata jikoni nikaanza kumweleza, kwa kirefu, makosa yangu yote katika mpango ule, na jinsi ambavyo pengine tungetenga aina za mikono, wa kusalimu, wa kusimamisha, wa kuomba basi. Nilikuwa nimefika aina ya nne. Mama alikuwa anakatakata vitunguu bila kuniangalia.

"Wewe skuta unajua?" akauliza.

"Najua kidogo, lakini..."

"Ulifundishwa Makadara."

"Ndiyo, lakini Mama, waya za gia zimelegea, halafu mimi..."

"Miezi mitatu unamfundisha babako kitu anachokijua. Wewe mwenyewe umekaa pale na karatasi. Nenda kafanye huo mtihani."

Ningependa kuandika kwamba wazo hilo halikuwa limenijia. Lilikuwa limenijia Oktoba. Nililifikiria, nikaona sababu kumi na moja za kutolifanya, nikaziandika, na sababu ya kwanza mpaka ya kumi na moja ilikuwa kwamba naogopa. Ilikuwa rahisi zaidi kumkasirikia Baba.

Nilifanya mtihani Aprili. Nilikwenda kwa gia ya pili mzunguko mzima, nikimwangalia kila mwanamume aliyesimama kando ya barabara kana kwamba ni mtahini aliyebadilisha koti. Mtahini mwenyewe aliposhuka barabarani nilikuwa polepole mno kiasi kwamba nilisimama mbali sana, ikambidi atembee kunifikia. Alinipa cheti. "Hakuna sheria," akaniambia, "inayokuzuia kuingia gia ya tatu."

Nyumbani nilisoma tena kitabu cha sheria, nikagundua kwamba sasa Baba, mwanafunzi, aliruhusiwa kupakia abiria mwenye leseni. Yaani mimi. Nilimweleza kwa furaha kwamba kisheria anaweza kunipakia.

"Nikupakie wewe," akasema, "uende wapi?"

Jumapili ile Mama alivaa suruali ya Baba, akaikunja, akavaa koti. Baba aliishika skuta imara wakati anapanda, akaangalia kama sketi ya gauni haigusi gurudumu, akaingia ndani bila kutuaga. Nilibana klachi. Nikatazama namba kwenye mpini, kwa upumbavu wangu, nikaachia, tukaruka.

"Sio hiyo," Mama akasema nyuma yangu. "Hiyo ilikuwa ya pili."

Na ndivyo tulivyovuka London. Kila injini ilipoanza kulia alisema, "Sasa," na nikabadilisha. Ikianza kukohoa alisema, "Rudi." Sikujua kabla ya siku ile kwamba Mama alikuwa anajua gia zote kwa sikio. Miaka ishirini na kitu alikaa nyuma akisikiliza, na huenda alikuwa akizibadilisha kimoyomoyo muda wote. Juu ya daraja nilimwuliza kwa sauti kwa nini hakuwahi kusema. Upepo ulikuwa mkali. "Babako hakuhitaji kuambiwa!" akapiga kelele. "Tatu! Weka tatu!"

Tulipofika Croydon Mama mdogo alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti, miguu imefungwa bendeji. Hawakukumbatiana mara moja. Walitazamana, Mama mdogo akaiona ile suruali, akaanza kucheka mpaka akalia, Mama akamwambia anyamaze, majirani wanasikia, kisha naye akaanza. Nilibaki barabarani na skuta ya moto. Saa kumi nilisema twende. Mama alikuwa ameshavua viatu.

"Wewe nenda, mwanangu," akasema. "Mimi nakaa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo."

Nikarudi peke yangu, kiti cha nyuma kitupu, na bila mtu wa kuniambia nilikosea gia mara nyingi hata sikuhesabu. Baba alikuwa mlangoni. Alitazama kiti, akatazama barabarani nyuma yangu, kana kwamba huenda nimemwangusha.

"Yuko wapi?"

"Amebaki kwa Mama mdogo. Nitamfuata Jumapili ijayo."

"Alikaa vizuri?"

"Alikaa vizuri."

"Alikushika wapi?"

"Koti."

"Mimi hunishika bega," akasema. Akaingia jikoni. Nikasikia meza ikiburutwa. Alirudi na ile fomu, ina alama ya duara ya mguu wa meza.

"Usimfuate Jumapili," akasema. "Nitamfuata mimi."

Nikamwambia haiwezekani, nafasi za mtihani husubiriwa majuma mengi, na hata akiipata leo, na hata akipita, jambo lisilo na uhakika, Mama hawezi kukaa Croydon mpaka Juni.

"Akae. Ana dada yake, anakula, anacheka. Wewe unamrusharusha. Kaa, andika."

Nikakaa. Nikaandika jina lake, anwani yetu, siku aliyozaliwa. Tulipomaliza, Baba aliweka kidole chini, mahali peupe ambapo hapakuwa na swali lolote.

"Hapa andika amepakia mke miaka ishirini na mitano, hajaanguka hata mara moja."

"Hawajauliza hilo, Baba."

"Andika."